Tunanunua hata mchicha!

Haya wapendwa, leo nimekuja kuchokoza. Atakayenuna na anune.

Juzi msomi mwenzangu wa hapa Sumbawanga mjini aliniita nikaone bustani yake ya kwanza. Alikuwa na kila kitu: mbegu za pakiti, keni mpya ya kumwagilia, glavu (ndiyo, glavu!), mfuko wa Urea, na video sijui ngapi za YouTube kwenye simu. Kitu kimoja tu hakikuwepo: mboga. Mchicha ulikuwa umeungua wote, maana Urea aliimwaga kwenye shina kama mtu anayetia chumvi kwenye maharage. Akaniambia kwa uchungu, "Ndugu yangu, ardhi ya huku haina rutuba."

Nilicheka, halafu nikakasirika. Ni kweli udongo wa uwanda huu si tajiri. Unadhani wazee wetu hawakulijua hilo? Walilijua, ndiyo maana wakabuni intumba. Mvua zikielekea ukingoni, ardhi bado laini, unageuza udongo na nyasi zake, nyasi zinafunikwa ndani, unapandisha tuta la mviringo. Juu unapanda maharage. Nyasi zinaoza humo humo. Mvua za Novemba zikirudi unalivunja tuta, unalitandaza, unapanda ulezi au mahindi kwenye mbolea ambayo hukuilipia hata senti. Majirani zetu Wabemba wa Zambia walikata matawi ya miti na kuyachoma wapate majivu. Ufipa miti ni haba na nyasi ni tele, basi sisi tukazika nyasi. Hiyo si sayansi? Mwingereza Roy Willis, aliyekuja kufanya utafiti Ufipa miaka ya 1960, aliandika habari za matuta hayo. Sisi wenye digrii tunayapita barabarani tukienda kununua Urea.

Kwa nini? Mimi nina jibu langu, na najua walimu watanirushia mawe. Ni shule.

Nyumbani Msanzi nilikuwa nashika jembe nyuma ya bibi bila kinyongo. Sekondari ndiko nilikofundishwa kwamba jembe ni adhabu. Umechelewa namba? Jembe. Umepiga kelele darasani? Jembe. Umeongea Kiswahili badala ya Kiingereza? Jembe, tena mpaka jioni. Bustani ya shule tuliilima waliokosa, na mboga zake hatukuzionja. Mwalimu Nyerere alipotoa Elimu ya Kujitegemea mwaka 1967 alitaka shule ziwe na mashamba ambayo wanafunzi wenyewe wanashiriki kuyaamulia mambo. Sasa niambieni, mtoto anayepalilia huku mwalimu wa zamu amesimama na fimbo anaamua nini? Anaamua kwamba akimaliza masomo hatagusa jembe tena. Na kweli hagusi! Anapanga nyumba yenye uwanja mkubwa, anaufyeka uwe mweupe, halafu anamwita mama wa mchicha getini.

Au nakosea?

Mwaka huu mwezi Machi nimeinua matuta matatu nyuma ya nyumba ninayopanga. Wapangaji wenzangu waliniuliza nazika nini. Sijifanyi bingwa: mwezi Juni, kwenye baridi yetu hii ya kutoa moshi mdomoni, nilisia mchicha, ukadumaa vidole viwili kutoka ardhini. Mchicha unapenda joto. Chainizi niliyoihamishia pembeni ilistawi mpaka nikawa nagawa. Kwa hiyo rafiki yangu, mfuko wako wa Urea uweke kwanza. Anza na tuta moja, nyasi, samadi iliyooza vizuri kutoka kwa wafugaji, na maji jioni. Ukikosea utapoteza nyasi tu.

Mimi video yangu ilikuwa simu ya Msanzi. Nilimpigia bibi nimuulize maharage yapandwe tuta likiwa na siku ngapi. Alinyamaza kidogo, kisha akauliza kwa huruma kabisa: "Mjukuu wangu, huko kazini wamekupa adhabu?"