Mjusi Aliyedhaniwa Kuwa Samaki

Wasomaji wetu, yawezekanaje kujua maisha ya mnyama ambaye hapana mtu aliyemwona hai? Mwezi huu twajibu kwa habari za ikthiosauri, maana yake "mjusi samaki", aliyetoweka duniani yapata miaka milioni 90 iliyopita.

Katika pwani ya kusini ya Uingereza uko mji mdogo uitwao Lyme Regis. Mwaka 1810 seremala mmoja wa huko, Richard Anning, alikufa, akawaachia mkewe na watoto deni. Basi watoto wakawa wakiokota chini ya majabali mifupa ya kale iliyogeuka mawe, wakaiuza wapate chakula. Mwaka 1811 Joseph aliona fuvu, urefu wake zaidi ya mita moja. Mwaka wa pili dada yake Mary, naye hajatimiza miaka 14, akaona mifupa ya mwili. Waliiuza kwa pauni 23.

Watu walidhani ni mamba. Wengine wakasema ni samaki. Walakini mifupa yenyewe ilitoa ushahidi. Mnyama huyu hakuwa na mashavu ya kupumulia majini, bali tundu za pua mbele ya macho. Kwa hiyo alipanda juu kuvuta hewa kama pomboo. Miguu yake ilikuwa kama makasia, na mkia ulisimama wima kama wa papa. Macho ya baadhi yao yalipita sentimita 20 kwa upana, yakamfaa kuwinda penye giza. Tumboni yameonekana mabaki ya samaki na ya wanyama wa jamii ya ngisi.

Je, alizaaje? Kasa na mamba hutaga nchi kavu, lakini huyu hakuweza kutambaa ufukoni; na yai lake majini lingekosa hewa, mtoto akafa. Jibu limo katika mawe ya Holzmaden, Ujerumani, yenye majike walio na watoto tumboni. Alizaa watoto hai baharini, na kila mtoto hakuwa na budi kupanda upesi kuvuta pumzi yake ya kwanza.

Enyi wazazi na walimu, mtoto akiwaletea mfupa, msifanye haraka kumtajia jina lake. Mwulizeni kwanza: mwenyewe alikula nini? Alipumuaje? Alikwendaje? Mfupa hujibu, ila sharti uulizwe.