BWANA SHAMBA ANAELEZA: Ramani Iliyo Ndani ya Kompyuta



Siku hizi katika vijiji vingi vya Tanzania hufika vijana wenye simu za mkononi. Wanatembea pembeni mwa mashamba. Wakifika kwenye kona wanasimama, wanabonyeza simu, kisha wanaendelea. Watu wanaulizana: "Hawa wanafanya nini? Au wanataka kutunyang'anya ardhi?" Wengine wanaondoka wakaenda zao kilabuni.

Vijana hao wanapima ardhi ya kijiji ili itengenezwe ramani ndani ya kompyuta. Mwezi huu tujifunze kazi hiyo. Asiyeielewa anaweza kupoteza haki yake huku amekaa barazani kwake.

RAMANI NI NINI?

Ramani ni picha ya mahali, kama ndege anavyopaona kutoka juu. Chukua kijiti. Chora chini barabara, mto, shule, kisima na nyumba yako. Umekwisha chora ramani.

Lakini ramani hiyo haina vipimo, na mvua ikinyesha inafutika. Ramani nzuri hukaa miaka mingi na ina vipimo vya kweli.

Vipimo ni jambo kubwa. Wengi wetu hupima eka moja kwa hatua 70 kwa hatua 70. Tufanye hesabu. Mtu mrefu ana hatua ya mita 1. Eka yake ina mita 70 kwa mita 70, yaani mita za mraba 4,900. Mtu mfupi ana hatua ya sentimita 80. Eka yake ina mita 56 kwa mita 56, yaani mita za mraba 3,136. Eka halisi ina mita za mraba 4,047 hivi. Basi mmoja amezidisha na mwingine amepunguza, na wote wanasema, "Hii ni eka moja."

Muuzaji wa shamba akipima kwa hatua za mtoto wake, mnunuzi atalia. Hata mbegu na mbolea hazitalingana na shamba.

SIMU INAJUAJE MAHALI ILIPO?

Juu angani kuna setilaiti. Setilaiti ni chombo kilichorushwa na watu ili kiizunguke dunia. Zile za Marekani zinazotumika kwa kazi hii ni zaidi ya 24, nazo ziko juu kiasi cha kilomita 20,200. Nchi nyingine pia zina setilaiti zao.

Kila setilaiti hutangaza saa yake na mahali ilipo, kama redio inavyotangaza saa. Simu hupokea matangazo hayo. Hupima muda yaliotumia kufika, na hapo inajua setilaiti iko mbali kiasi gani. Ikipata matangazo ya setilaiti 4 au zaidi, inaweza kukadiria mahali iliposimama. Inaandika namba mbili. Namba ya kwanza inaonyesha umbali kutoka ikweta, kusini au kaskazini. Namba ya pili inaonyesha mashariki au magharibi. Kila mahali duniani pana namba zake mbili, kama nyumba ya mjini ilivyo na namba mlangoni.

Lakini simu ya kawaida, hata mahali peupe, inaweza kukosea kwa mita 5 hivi. Chini ya miti mikubwa au kwenye bonde jembamba inaweza kukosea zaidi. Vipo vyombo vya wapima ardhi vinavyopima kwa usahihi zaidi, lakini bei yake ni kubwa. Kwa hiyo usitupe alama za wazee. Masale, minyaa, mkonge na mawe ya mpakani bado yana kazi.

MATABAKA YA RAMANI

Sasa namba hizo zinaingizwa katika kompyuta. Hapo ndipo tunapata kitu kinachoitwa mfumo wa taarifa za kijiografia. Jina ni refu, lakini jambo lenyewe ni rahisi.

Chukua vipande vinne vya nailoni nyeupe inayopitisha mwanga. Kwenye cha kwanza chora mito na visima. Kwenye cha pili chora mashamba. Kwenye cha tatu chora malisho na njia za mifugo. Kwenye cha nne chora nyumba. Kisha vipange kimoja juu ya kingine. Utaona mara moja shamba lililoziba njia ya ng'ombe. Utaona kisima kilicho mbali na nyumba nyingi. Kila kipande cha nailoni ni tabaka. Kompyuta hupanga matabaka mengi namna hiyo, na kila alama ina maelezo yake: shamba la nani, ukubwa gani, linalimwa nini.

Matabaka yanaweza kuokoa maisha. Mwaka 1854 kipindupindu kiliua watu wengi katika mtaa mmoja wa London, Uingereza. Wakati huo wengi waliamini kwamba ugonjwa huo huletwa na hewa mbaya. Daktari John Snow alichunguza nyumba za waliokufa. Aliona kwamba wengi walikuwa karibu na pampu moja ya maji. Tarehe 8 Septemba mpini wa pampu hiyo uliondolewa. Baadaye alichora ramani yenye alama za vifo na alama za pampu, na jambo lile likaonekana wazi kwa macho.

Daktari Snow alifanya kazi kwa mkono. Kutumia kompyuta kulianza miaka ya 1960 huko Kanada, chini ya uongozi wa Roger Tomlinson. Serikali ya huko ilitaka kujua kila sehemu ya ardhi inafaa kwa kazi gani.

Nasi tuna haja hiyo hiyo. Kwa mfano, Sheria ya Usimamizi wa Mazingira ya mwaka 2004 inakataza shughuli za kudumu ndani ya mita 60 kutoka ukingo wa mto. Kompyuta huweza kuchora mstari wa mita 60 kwa muda mfupi sana. Kijiji kinaona mapema nani ameingia humo, kabla mto haujakauka.

RAMANI NA HATI YAKO

Sheria ya Ardhi ya Vijiji, Namba 5 ya mwaka 1999, inamwezesha mwanakijiji kupata Hati ya Hakimiliki ya Kimila. Hati hiyo inaandikwa jina la mwenye shamba na mipaka yake. Kupima mashamba yote kwa njia ya zamani huchukua muda mrefu. Ndiyo maana kuanzia mwaka 2014 mradi mmoja katika Wilaya ya Iringa uliwafundisha vijana wa vijijini kupima mashamba ya vijiji vyao kwa simu.

Hapa ndugu msomaji, sikiliza vizuri. Simu inajua mahali iliposimama. Haijui shamba ni la nani. Itachora mpaka ule iliotembezwa, na itaandika jina lile ililoambiwa. Akifika shemeji wa mjane akasema, "Shamba hili la marehemu kaka ni langu," na mjane hayupo, simu haitabisha. Kijana akisafiri na jirani akasogeza mpaka, simu haitabisha. Wafugaji wakiwa wamehamisha mifugo kiangazi, njia yao inaweza kuchorwa kuwa shamba la mahindi. Anayeweza kubisha ni mtu aliyekuwapo.

Sheria inasema mwanamke ana haki ya kupata na kutumia ardhi sawa na mwanamume. Mume na mke wanaweza kuandikwa wote wawili katika hati moja.

Basi fanya haya:

1. Nenda kwenye mkutano wa kijiji. Uliza siku ambayo sehemu yenu itapimwa.

2. Safisha mpaka mapema. Kubalianeni na jirani mahali alama zilipo.

3. Siku ya kupima uwepo shambani wewe mwenyewe, pamoja na mwenzi wako, majirani na wajumbe wa kijiji. Ukiwa mgonjwa, tuma mtu unayemwamini.

4. Tembea na mpimaji kutoka kona hadi kona. Hakikisha hakuna kona iliyorukwa.

5. Soma jina lako kwenye simu. Herufi moja ikikosewa, sema papo hapo.

6. Orodha na ramani zikibandikwa, nenda ukazitazame. Kama kuna kosa, peleka malalamiko kabla muda uliotangazwa haujaisha.

7. Mkishindwa kupatana, nendeni Baraza la Ardhi la Kijiji. Msishikiane mapanga.

Zamani wengi wetu tungemwomba karani atusomee jina. Leo wewe unayesoma gazeti hili unaweza kulisoma mwenyewe, na kumsomea bibi wa jirani asiyejua kusoma. Hiyo ndiyo faida ya kisomo. Wahenga walisema: mali bila daftari hupotea bila habari. Ramani ya kompyuta ni daftari. Lakini daftari huandikwa na watu, na mwenye mali lazima awe karibu linapoandikwa.

MASWALI YA KUZUNGUMZA KATIKA KIKUNDI

1. Pima eka moja kwa hatua zako, kisha mwenzako apime kwa zake. Je, mmelingana?

2. Kijiji chenu kinahitaji matabaka gani katika ramani yake?

3. Ni nani katika kijiji chenu anaweza kusahauliwa siku ya kupima? Mtamsaidiaje?