Joka la Mpira Halina Kosa, Kosa ni la Anayetuona Mazuzu

Kuna staa mmoja wa mitandaoni, jina lake naliacha maana wafuasi wake wana hasira za karibu, wiki hii kaposti kipande cha muvi ya zamani ya Kijapani. Haina hata rangi. Lidude kama mjusi, refu kuliko ghorofa, linakanyaga mji, na ukikazia macho unaona kabisa nyumba ni za kuchonga na ndani ya lile lidude kuna mtu anatembea. Mkuu kaandika hapo chini maneno mawili ya kejeli na kumwaga vikatuni vya kucheka. Watu wakajaa. Siku nzima ikawa kicheko.

Sawa, kucheka hakulipiwi kodi. Ila huyuhuyu mkuu, si muda mrefu uliopita, alikuwa anawahimiza watu waitafute muvi moja ya Kimarekani ya mamba mkubwa. Mamba wa kompyuta. Anaingia mtoni na maji hayashtuki, anameza mtu na boti haitikisiki. Hiyo akaisifia kwamba ni mbaya mpaka imekuwa tamu.

Yaani waliotoka jasho tunawacheka, waliotuletea uvivu tunawapigia promo. Hili nimeshindwa kulala nalo.

Tuanze na yule aliyechekwa. Ile muvi ni Godzilla ya kwanza, iliyotoka Japani Novemba 1954. Mwongozaji ni Ishiro Honda, na fundi wa maajabu yote yale ni Eiji Tsuburaya. Huyu Tsuburaya alitamani kutumia ufundi wa King Kong ya 1933, ule wa kusogeza mwanasesere kidogo kidogo na kupiga picha moja moja mpaka aonekane anatembea. Muda haukuruhusu. Kwa Japani ya wakati ule ilikuwa muvi ya gharama, lakini ukiiweka pembeni ya Hollywood hela ilikuwa ndogo. Basi wakamshonea mtu suti ya mjusi.

Mtu mwenyewe aliitwa Haruo Nakajima. Suti ya kwanza ilikuwa na uzito wa karibu kilo 100, hatua chache tu jamaa yuko hoi, na juu yake kuna mataa ya studio yanamchoma. Unajua alijiandaaje? Alikwenda kwenye bustani ya wanyama akawa anaangalia tembo na dubu wanavyotembea, ili dude lake liwe na uzito machoni kwako. Na ule mlio unaoujua mpaka leo ni wa mtunga muziki wao, Akira Ifukube, aliyechukua glavu ya ngozi yenye utomvu akaiburuza kwenye nyuzi za zeze kubwa. Hakuna programu ya kompyuta hapo. Ni glavu, nyuzi na akili ya mtu.

Halafu angalia walikuwa wanaongelea nini. Machi 1954 Marekani ililipua bomu la nyuklia la majaribio kwenye visiwa vya Bikini, majivu yakawaangukia wavuvi wa Kijapani waliokuwa kwenye boti yao. Mmoja wao alifariki Septemba mwaka uleule. Wiki chache baadaye watu wanaingia sinema, na muvi inaanza na mabaharia wanaomulikwa na mwanga mkali na chombo chao kuzama. Hakuna aliyecheka. Ilikuwa miaka 9 tu baada ya Hiroshima. Hicho ndicho mkuu kakiwekea vikatuni.

Sasa msije mkadhani naandika haya kama mtu wa tamasha la filamu, nimekaa na kahawa natazama muvi za maandishi chini. Mimi ni mtoto wa kibanda umiza. Benchi la mbao, pazia jeusi mlangoni, joto la kupikia mayai, na DJ anatafsiri. Baada ya Anaconda ya 1997, kila kava lilikuwa na nyoka. Siku moja nilinunua CD kwa jamaa mmoja wa mtaani, kava limechorwa chatu kazungushia ghorofa na helikopta inawaka moto. Nikaita wana, tukaweka. Hakukuwa na ghorofa. Hakukuwa na helikopta. Kulikuwa na watu sita msituni wanabishana, na nyoka tulimwona mara tatu, mbili kati ya hizo ni mkia, tena mkia uleule, picha ileile imerudiwa.

Jioni yake muvi hiyohiyo ikawekwa kibandani na DJ akaiokoa. Yule nyoka akampa jina la Mwenye Nyumba. Kila mkia ukitokea, DJ anapaza sauti kwamba kodi imeisha na hataki kusikia habari ya mwisho wa mwezi. Watu walilala chini kwa kucheka. Nimeikumbuka usiku ule mpaka leo, lakini tuseme ukweli: aliyetuburudisha alikuwa DJ. Mwenye muvi alishachukua chake zamani.

Kwa hiyo unafuu wa bei siupigi vita. Ninazipenda hizi takataka na historia yake naijua. Mwaka 1940 Wamarekani walitengeneza One Million B.C., wakambandika mamba pezi mgongoni na kumpambanisha na mjusi mbele ya kamera, wakasema ni dinosaria. Vipande vile vikaokotwa na kutumika tena kwenye muvi nyingine kwa miaka na miaka. Mwaka 1955 ikaja King Dinosaur, mfalme mwenyewe ni mjusi wa kawaida aina ya iguana kapigwa picha kwa karibu. Mwaka 1959, huko Texas, ikatoka The Giant Gila Monster: mjusi halisi katembezwa katikati ya vigari vya kuchezea. Anaonekana kabisa hajui yuko kwenye muvi.

Hao walikuwa hawana hela, na wengine hata kipaji hawakuwa nacho. Lakini walikuwa wanajaribu kukutisha. Walishindwa, basi. Mtu aliyeanguka akikimbia mbio tofauti na mtu aliyelala kwenye mstari wa kuanzia akidai medali.

Mchukue Roger Corman, mzee aliyefariki Mei 2024 akiwa na miaka 98. Huyo ndiye baba wa muvi za bei ya karanga. Mwaka 1993, dunia nzima inasubiri Jurassic Park iliyogharimu dola milioni 60 na ushee, Corman akaitanguliza Carnosaur yake wiki chache kabla, kwa bajeti ambayo haikufika dola milioni 1. Na staa wake alikuwa Diane Ladd, mama mzazi wa Laura Dern, yule yule aliyecheza kwenye Jurassic Park! Ujanja wa mjini huo, siukatai. Baadaye akatoa Dinocroc, Supergator, na mwisho akawapambanisha wenyewe kwa wenyewe.

Lakini kwa Corman kulikuwa na shule. Francis Ford Coppola, Martin Scorsese na James Cameron wote walipita mikononi mwake. Cameron alianzia kwake kama fundi wa kutengeneza vyombo vidogo vya anga vya kuigiza. Ukifanya kazi kwa Corman ulilipwa kidogo, ila ulitoka pale unajua kushika kamera. Pesa ilikuwa ndogo, kazi ilikuwa kazi.

Ninaowasema leo ni kundi lililokuja baadaye. Mnaijua ile kampuni ya Marekani ya The Asylum. Snakes on a Plane inakaribia kutoka mwaka 2006, wao wanaiwahi kwa siku chache na Snakes on a Train. Ukikosea kusoma kava, hela imeliwa. Mwaka 2010 wakatoa Mega Shark vs. Crocosaurus, 2011 Mega Python vs. Gatoroid. Halafu 2013 papa wao wa kimbunga, Sharknado, akaiteka Twitter usiku mmoja, na nadhani hapo ndipo biashara nzima ilipojifunza somo baya: kumbe kuchekwa ni promo ya bure. Kumbe huhitaji kujitahidi. Tengeneza vibaya makusudi, mtazamaji atakutangazia mwenyewe akidhani anakudhihaki.

Nitaambiwa ni burudani tu, nisiwe na roho ngumu. Kwamba watazamaji wanajua ni mbovu na wanafurahi hivyohivyo. Nakubali wanafurahi, hata mimi nimefurahi. Ila jiulize furaha ile inatoka kwa nani. Inatoka kwa wana mliokaa nao, kwa DJ, kwa utani wenu wenyewe. Mwenye muvi kaleta sahani tupu, nyinyi mmejaza chakula, halafu bili anawapa nyinyi. Na mkishazoea sahani tupu, siku akija mtu na chakula cha kweli kwenye sahani ya plastiki mnamcheka sahani yake. Ndicho mkuu alichofanya wiki hii.

Haya, tugeuke nyumbani, maana huku ndiko kunakoniuma zaidi. Wapo watayarishaji wetu, hawa nao siwataji, wanajijua. Muvi ina jini, jini anageuka nyoka, na nyoka kabandikwa kwa kompyuta kama stika kwenye mlango wa friji. Watu wakilalamika, jibu liko mfukoni tayari: hatuna bajeti ya Hollywood. Siku hizi limeongezeka na lingine, kwamba wao walikusudia ichekeshe. Ajabu, trela yenyewe ilikuwa na muziki wa kutisha.

Bajeti ni tatizo la kweli, silibezi. Lakini angalia Godzilla Minus One ya 2023. Takashi Yamazaki kaiandika, kaiongoza na kasimamia maajabu yake mwenyewe, akiwa na mafundi 35 tu wa picha za kompyuta. Bajeti haikufika dola milioni 15, hela ambayo kwa muvi za namna ile kule Hollywood inaliwa kabla hujashiba. Machi 2024 wakabeba Oscar ya maajabu ya picha, wakiwaacha nyuma watu wenye mabilioni.

Utasema hata hizo milioni 15 za dola hapa hazipo. Kweli kabisa. Ndiyo maana siwadai hizo. Nawadai vitu visivyo na risiti. Kusoma skripti mara ya pili kabla ya kushika kamera. Kutodanganya kwenye kava. Nakajima alijifunza kutembea kama dude kwa gharama ya kiingilio cha bustani ya wanyama, na yule mzee wa muziki alihitaji glavu.

Na kama ni majoka, sisi tunaishi nayo. Kenge anapita uani. Mto Rufiji una mamba wa kweli, na kuna familia zimezika watu kwa ajili yao. Nenda kamuulize mama anayechota maji pale mtoni anaogopa nini. Hatakuelezea meno wala mkia. Atakuambia mamba humuoni, unachoona ni maji yametulia, na ndoo iko mkononi. Hapo muvi tayari unayo, na mamba hajatokea hata mara moja. Huhitaji kompyuta kupiga picha ya maji yaliyotulia, unahitaji heshima kwa yule mama na kwa mtu atakayekaa kukutazama.

Mtu akifanya hivyo halafu dakika ya mwisho amtoe mamba wa mpira na mshono unaonekana mgongoni, mimi nitanyamaza kimya na kutetemeka naye. Ila ukinitolea mamba wa stika huku unanicheka pembeni, usitegemee nikusaidie kujicheka.

Mkuu, ukiisoma hii, futa wale vikatuni, kaitazame ile muvi mpaka mwisho, halafu rudi tuongee. Na wewe msomaji, ni muvi gani ya lidude ya bei chee iliyowahi kukutisha kweli? Dondosha jina hapo chini, matusi acha nyumbani.