Sotoka ilikwisha, homa ya midomo na miguu inarudi kila mara: shida iko wapi?

Ng'ombe anatoa mate mingi, anachechemea, anakataa majani. Mfugaji wa Masisi, wa Fizi ao wa Mahagi hangoje mtu wa kumuambia jina la ugonjwa huo. Ni homa ya midomo na miguu, ile yenye wengi wanaita fièvre aphteuse. Maziwa inapunguka mara moja, ndama wachanga wanakufa, fromaji inakosa ku soko, na mara ingine soko la mifugo lenyewe linafungwa. Kisha wiki chache ng'ombe wakubwa wengi wanapona. Lakini ugonjwa unarudia, na swali moja linarudi nao kila fasi wafugaji wanakutana: tulilipa chanjo, mbona ng'ombe wamegonjwa tena?

Jibu la haraka ni kusema kama dawa ilikuwa ya uongo ao veterineri alikula feza. Jambo hilo linaweza kutokea. Lakini jibu kubwa zaidi liko ndani ya virusi yenyewe. Ili kulielewa, inafaa kuangalia ugonjwa mwengine wa ng'ombe, uliokuwa mubaya zaidi na leo haupo tena duniani: sotoka.

Ugonjwa uliomaliza mifugo

Sotoka iliingia Afrika ya Mashariki kupitia Eritrea mwishoni mwa miaka ya 1880. Kisha ikatelemka kusini, na kufikia mwaka wa 1897 ilikuwa imefika Afrika Kusini. Fasi nyingi iliua ng'ombe 80 mpaka 90 kati ya 100. Ku Ethiopia njaa ikafuata, ku Wamasai vilevile. Familia zenye kuishi kwa maziwa na damu ya ng'ombe zilibaki bila kitu.

Mtu aliyebadilisha hali hiyo ni Walter Plowright, veterineri Muingereza aliyezaliwa 1923. Kuanzia mwaka wa 1956 alifanya utafiti ku Muguga, karibu na Nairobi, katika kituo cha uchunguzi wa magonjwa ya mifugo cha Afrika Mashariki. Chanjo za sotoka zilikuwepo mbele yake, lakini ile iliyotengenezwa kwa kupitisha virusi ndani ya mbuzi iliweza kugonjesha sana aina fulani za ng'ombe. Plowright na mwenzake R. D. Ferris walichukua virusi ya sotoka, wakaiotesha ndani ya chembe za figo la ndama, ndani ya chupa. Waliihamisha kutoka chupa moja kwenda ingine karibu mara 90. Mwisho wake virusi ilibaki hai, lakini bila nguvu ya kugonjesha. Ng'ombe akichanjwa mara moja, anakingwa maisha yake yote.

Matunda yalionekana hata kwa wanyama wa pori. Wakati ng'ombe wenye kuzunguka mbuga ya Serengeti, ku Tanzania, walichanjwa, nyumbu nao wakaacha kufa na sotoka. Walikuwa karibu 250,000 mwanzoni mwa miaka ya 1960. Kisha miaka karibu 15 walipita milioni moja. Kumbe pori halikuwa chanzo cha ugonjwa. Wanyama wa pori walikuwa wakiambukizwa na ng'ombe.

Chanjo peke yake haikutosha

Watu wengi wanafikiri hadithi inaishia hapo. Hapana. Kati ya 1962 na 1976 kampeni kubwa ya kuchanja ilifanyika katika nchi nyingi za Afrika, na sotoka ikabaki katika fasi chache tu. Serikali zikalegea, watu wakaacha kuchunguza na kutoa ripoti, na katika miaka ya 1980 ugonjwa ukarudi kwa nguvu. Kulikuwa pia shida yenye kila mkaaji wa vijiji vya Kivu anaijua: chanjo ilidai baridi, na fasi hakuna umeme hakuna frigo.

Watafiti wengine njo walimaliza kazi hiyo. Kuelekea mwaka wa 1990, Mumarekani Jeffrey Mariner alipata namna ya kukausha chanjo ya Plowright ili iweze kukaa karibu mwezi mmoja bila frigo. Sasa chanjo iliweza kubebwa kwa mguu. Ku Sudan ya kusini, katikati ya vita, wafugaji wenyewe walifundishwa kuchanja. Mwaka wa 1993 peke yake zaidi ya ng'ombe milioni moja walichanjwa fasi ambapo gari ya serikali haikuweza kufika.

Ugonjwa ulionekana mara ya mwisho mwaka wa 2001, kwa nyati wa mbuga ya Meru, ku Kenya. Mwaka wa 2011 shirika la afya ya wanyama duniani na FAO walitangaza kama sotoka imetoweka. Ni ugonjwa wa pili kumalizwa na binadamu, kisha ndui. Plowright, aliyepata tuzo kubwa la chakula duniani mwaka wa 1999, alikufa mwaka wa 2010, mwaka mmoja tu mbele ya tangazo hilo.

Mbona homa ya midomo na miguu haifuati njia hiyo?

Kwanza, sotoka ilikuwa na aina moja tu kwa upande wa kinga: chanjo moja ilitosha kila fasi. Homa ya midomo na miguu ina aina saba: O, A, C, Asia 1, na SAT 1, 2 na 3. Aina ya C haijaonekana tangu mwaka wa 2004, lakini katika kanda yetu ya Maziwa Makuu aina za O, A na SAT zinazunguka. Ng'ombe aliyechanjwa kwa aina ya O hana kinga kwa SAT 2. Hata ndani ya aina moja virusi inabadilika, na chanjo ya zamani inaweza kupoteza nguvu.

Pili, chanjo ya sotoka ilikuwa virusi hai yenye kudhoofishwa. Ile ya homa ya midomo na miguu ni virusi yenye kuuawa, na kinga yake ni fupi. Inadai sindano mbili mwanzoni, kisha kurudilia karibu kila miezi sita fasi zenye hatari. Na inadai kukaa kati ya digri 2 na 8. Ikipata joto inaharibika, ikiganda vilevile. Chupa iliyosafiri siku mbili juu ya pikipiki bila barafu inaweza kuwa maji tu, hata kama aliyeiuza ni mtu mwaminifu.

Tatu, pori. Nyati hakuweza kulinda sotoka kwa muda mrefu. Lakini aina za SAT anaweza kuzibeba miaka bila kugonjwa. Kwa wale wenye kuchunga pembeni ya Virunga, jambo hilo si dogo.

Kwa hiyo, yule mfugaji aliyelipa na kuona ng'ombe wake wamegonjwa tena, pengine hakudanganywa. Pengine alipewa chanjo ya aina isiyokuwa ile ya kijijini kwake, ao sindano moja pahali pa mbili, ao chupa iliyopata joto. Lakini hasira yake ina sababu. Akikataa chanjo zote tangu siku hiyo, hasara itakuwa ya kijiji kizima.

Hapa njo kuna fundo lenyewe. Bila kuchukua sampuli za vidonda na kuzipeleka maabara, hakuna mtu atajua ni aina gani iko Masisi ao katika bonde la Ruzizi mwaka huu. Na sampuli haziwezi kuchukuliwa kama mgonjwa anafichwa. Mfugaji anaficha juu anajua kinachofuata: soko litafungwa, na hakuna atakayemlipa. Mwenye kusema ukweli anapata hasara, mwenye kunyamaza anauza ng'ombe usiku. Vita na wizi wa mifugo vinazidisha, maana watu wanakimbia na mifugo yao, wagonjwa na wazima pamoja. Hakuna chanjo yenye kuponya jambo hilo. Wakubwa wa maeneo, mashirika ya wafugaji na wale wenye kutoa misaada wanapashwa kulifungua: atakayetangaza ugonjwa asiachwe peke yake.

Lenye kuwezekana leo

Ng'ombe mpya, hata kama anaonekana muzima, akae mbali na wengine kwa wiki mbili ao tatu. Mgonjwa asipelekwe ku soko wala ku maji ya wote. Antibiotiki haiui virusi. Inasaidia tu kama vidonda vimeoza. Mbele ya kulipa chanjo, mfugaji ana haki ya kuuliza maswali matatu: ni ya aina gani, ilikuwa ndani ya baridi namna gani, na sindano ya pili ni siku gani.

Tena, si kila virusi inagonjesha wanyama tu. Homa ya midomo na miguu kwa kawaida haiingii kwa watu. Lakini ng'ombe wengi wakitupa mimba kwa wakati mmoja, inaweza kuwa homa ya Bonde la Ufa, ile iliyopiga Burundi na Rwanda mwaka wa 2022. Hiyo inaua watu pia. Mimba iliyotoka isishikwe kwa mikono mitupu, na maziwa ichemshwe.

Kwa upande wa mbuzi na kondoo kuna matumaini makubwa zaidi. Sotoka yao ni ndugu wa sotoka ya ng'ombe: chanjo ya aina moja inatosha, na kinga yake inakaa miaka. Dunia imejipa mwaka wa 2030 juu ya kuimaliza. Njia ya wachanjaji wa kijiji iliyofaulu Sudan ya kusini inaweza kufuatwa hapa vilevile. Kule pia kulikuwa vita.