Kamba Si Sadaka

Watu wakimwona kijana anayeona akikimbia bega kwa bega na asiyeona, mikono yao imeunganishwa kwa kamba fupi, sifa humwendea yule anayeona. Ana moyo, huyu. Mungu atamlipa. Mwenzake huambulia pongezi za namna nyingine: amejitahidi, maskini, hata amefika. Nyuma ya maneno hayo kuna imani kwamba mmoja anatoa na mwingine anapokea, na kwamba yeyote mwenye huruma anafaa kushika kamba. Imani hiyo ni potofu, tena inadhuru.

Tuanze na saa. Henry Wanyoike wa Kikuyu, Kenya, alipoteza uwezo wa kuona mwaka 1995 kutokana na kiharusi. Mwaka 2005 alimaliza marathoni ya London kwa saa 2:32:51, na wiki moja baadaye akamaliza ya Hamburg kwa 2:31:31. Kasi ya Hamburg ni wastani wa kilomita moja kwa dakika 3 na sekunde 35, tangu ya kwanza hadi ya 42. Anayemwongoza mtu wa kasi hiyo hana budi kwenda naye hatua kwa hatua huku akisema: kona kushoto, mteremko, meza ya maji, watu wawili mbele. Asiyebaki na pumzi ya kusema hawezi kuongoza, hata awe na huruma kiasi gani.

Sydney, mwaka 2000, mambo yaligeuka kabisa. Katika mita 5,000 za Michezo ya Paralimpiki, mwongozaji wa Wanyoike, John Kibunja, alikimbia akiwa amedhoofishwa na malaria. Karibu na mwisho nguvu zikamwishia. Asiyeona ndiye aliyempa moyo na kumsukuma anayeona hadi mstarini, na dhahabu ikapatikana. Miaka minne baadaye, Athens, Wanyoike aliongozwa na Joseph Kibunja, rafiki yake wa utotoni, akanyakua dhahabu za mita 5,000 na 10,000. Mkenya mwenzake, Samwel Mushai Kimani, akiongozwa na James Boit, alishinda mita 1,500 London mwaka 2012 kwa dakika 3:58.37. Hapo hakuna aliyebebwa.

Kanuni zenyewe zinakataa hadithi ya sadaka. Katika daraja la wasioona kabisa, mwanariadha hufunikwa macho na lazima awe na mwongozaji, lakini mwongozaji haruhusiwi kumvuta wala kumtangulia kwenye mstari wa mwisho. Mwenye uoni hafifu wa daraja linalofuata huamua mwenyewe kama anamtaka au hamtaki. Mwongozaji asiye fiti ana gharama kubwa: Paris 2024, Elena Congost wa Hispania, akiwa wa tatu katika marathoni, aliachia kamba hatua chache kabla ya mwisho ili amshike mwongozaji wake aliyebanwa na misuli. Siku hiyo waamuzi walimwondoa kwenye matokeo.

Sasa tuje Lusahunga, wilayani Biharamulo, mkoani Kagera, Tanzania. Barabara ya kwenda mpaka wa Rusumo inapitisha malori ya Rwanda mchana na usiku. Asiyeona anayetaka kufanya mazoezi hapo hawezi kumtegemea mtu mwema atakayejitokeza siku ya bonanza, akapigwa picha na mgeni rasmi, kisha asionekane tena. Anamhitaji mtu wa Jumanne alfajiri, anayejua tuta liko wapi, bega la barabara limemomonyoka wapi, na lori likija wapishe upande gani. Vijana wenye mapafu ya kazi hiyo wapo Biharamulo na Ngara. Walimu wa michezo huwaona kila mwaka kwenye mashindano ya shule za msingi na sekondari, UMITASHUMTA na UMISSETA. Kagera pia ina Shule ya Msingi Mugeza Mseto, Bukoba, wanakosoma watoto wasioona na wenye ualbino pamoja na wenzao. Mtoto akirudi kijijini likizo, kwa nini mbio zake zisubiri shule ifunguliwe?

Wapo watakaosema huruma isidharauliwe, maana bila hiyo hakuna atakayejitolea. Ni kweli, huruma inaweza kumleta mtu siku ya kwanza. Lakini anayekuja kwa huruma tu hupunguza mwendo bila kuulizwa, humwamulia mwenzake wakati wa kupumzika, na hujiona amefanya makubwa hata muda ukiwa mbovu. Mwanariadha hawezi kumkaripia mfadhili wake. Mwenzake wa mazoezi anaweza kumwambia wazi: leo umenichelewesha.

Tanzania iliridhia Mkataba wa Kimataifa wa Haki za Watu wenye Ulemavu mwaka 2009, na ibara yake ya 30 inataja ushiriki katika michezo, ya kawaida na ya walemavu, kuwa haki. Kwa hiyo wanaoandaa mbio mkoani Kagera wasiishie kutenga kilomita mbili za kupiga makofi. Fomu ya usajili iwe na nafasi ya jina la mwongozaji, naye apewe namba bila kulipa ada. Umbali uwe uleule wa wengine. Matokeo yakibandikwa, muda wa asiyeona uandikwe kwa dakika na sekunde kama wa mtu mwingine yeyote, hata kama ni mbaya.