Bukavu: madereva, msifungie watoto ndani ya gari juani

Kuna uongo tunaopenda kuambiana: Bukavu ni mji wa baridi, gari haliwezi kuwaka moto humu. Ni kweli, tuko kwenye mita 1,500 hivi juu ya bahari. Lakini kioo hakijui hilo. Kinaingiza jua na kuzuia joto lisitoke. Utafiti wa Chuo Kikuu cha Stanford, Marekani, uliotoka 2005, ulionyesha kwamba hata nje kukiwa na nyuzi 22 tu, hali ya hewa yetu kabisa, ndani ya gari lililosimama juani joto laweza kufika 47 kwa saa moja. Kuacha kioo wazi kidogo hakukusaidia.

Basi dereva wa Kamanyola au Uvira anayengoja gari lijae, huku mama aliyekimbia vita amebanwa kiti cha nyuma na mtoto mapajani, asituambie "vumilia mama, tunaondoka sasa hivi". Sasa hivi ipi? Sehemu kubwa ya joto hilo hupanda ndani ya nusu saa ya kwanza. Tafuta kivuli, funika kioo cha mbele kwa kartoni, acha milango yote wazi. Na abiria washuke wangoje nje. Nauli wameshalipa, nafasi yao iko.