Siku Mbili za Delhi Baada ya Hospitali



Tumeletewa barua na dada mmoja ambaye mumewe ametibiwa Delhi. Mgonjwa, alhamdulillahi, amepasuliwa na amepata nafuu, na daktari amewataka wangoje siku chache kabla ya kupanda ndege. Dada huyu amefuatana na kaka yake pamoja na binti yake wa miaka kumi na miwili, na jamaa yao mwingine ameahidi kukaa na mgonjwa. Wametamani kuutazama mji kwa siku mbili. Swali lake ni hili: je, si aibu kwenda kutembea ilhali watu wa mtaani walichanga ili mumewe atibiwe? Na ikiwa si aibu, waende wapi, na sala zao zitakuwaje?

Tuanze na lile zito. Fedha za mchango zilitolewa kwa nia ya matibabu, na aliyezipokea alizipokea kwa nia hiyo hiyo. Zikisalia, hazigeuki kuwa mali yake kwa sababu tu zimo mkobani mwake. Wenyewe huulizwa, wakitaka hurejeshewa, wakitaka husamehe. Kwa hivyo tikiti ya ngome, nauli ya kwenda sokoni na zawadi za watoto zisitoke humo, hata rupia moja. Twamshauri awe na pochi mbili na daftari moja. Ama fedha aliyoichuma mwenyewe kwa jasho lake, hiyo ni yake, na akiitumia kwa kutembea hatuoni aibu wala kosa. Anayeuguza huchoka moyo kabla ya mwili, na mtoto aliyeshinda wiki tatu katika ukumbi wa hospitali ana haki ya kuona kitu kingine. Kitabu chetu nacho kimetuhimiza mara nyingi tutembee katika ardhi tuangalie mambo ya waliotutangulia. Ila picha tungependa zikae kwenye simu yake mpaka warudi nyumbani. Si kwa kuwa ni haramu kuzionyesha, bali ndimi za watu twazijua.

Na mji wenyewe si mgeni kwetu kama wengi wanavyodhani. Ibn Battuta, yule msafiri wa Tanja, alilala Mombasa usiku mmoja alipokuwa akielekea Kilwa, mwaka wa 1331 au karibu na hapo. Aliwakuta watu wa Mombasa ni wa madhehebu ya Shafi, wacha Mungu, na misikiti yao ya mbao imejengwa kwa ustadi, na mlangoni mna visima vya kuoshea miguu. Miaka michache baadaye alifika Delhi, na Sultani Muhammad bin Tughluq akamfanya kadhi. Ameuandika msikiti mkuu wa Delhi wa zama zake, mnara wake na nguzo ya chuma iliyosimama uani. Vyote vitatu vingaliko. Atakayesimama hapo leo atakuwa anatazama kile alichokitazama mtu aliyekuwa amekanyaga Mombasa karibu miaka mia saba iliyopita.

Basi siku ya kwanza na ianzie hapo, Qutb Minar, kusini mwa mji, asubuhi mapema kabla ya jua kali na kabla ya mabasi ya wageni. Mnara ulianzishwa na Qutb al-Din Aibak mwishoni mwa karne ya 12, ukaendelezwa na Iltutmish. Urefu wake ni mita 72 na nusu, na kiunoni umezungushiwa mishipi ya maandishi ya Kiarabu yaliyochongwa mawe. Kupanda ndani hairuhusiwi tangu maafa ya mwaka 1981, watu walipokanyagana ngazini, wengi wao wakiwa watoto wa shule. Nguzo ya chuma ni kongwe kuliko msikiti kwa mamia ya miaka, na kutu haijaila.

Hapo pana jambo ambalo mzazi asilipite kimya. Maandishi yaliyo kwenye mlango wa msikiti huo yenyewe yasema kuwa ulijengwa kwa mawe ya mahekalu 27, na nguzo zake zingali zinaonyesha nakshi za Kihindu na za Kijaini. Mtoto akiuliza, aambiwe kama ilivyo. Wafalme walifanya mambo ya wafalme, na si kila kilichofanywa na mfalme Mwislamu ni hoja ya dini yetu. Wahindi wenyewe hadi leo hubishana vikali juu ya majengo kama hayo, na mgeni mwenye adabu husikiliza wala haingii katika ugomvi usio wake.

Kaburi la Iltutmish limo ndani ya uwanja huo huo. Binti aambiwe kwamba huyu ndiye baba yake Razia, mwanamke aliyekalia kiti cha Delhi tangu 1236 hadi 1240.

Alasiri ya siku hiyo iwe ya kaburi la Humayun. Twalipendekeza kuliko jengo jingine lolote la Delhi, na sababu yetu ni mwenye kulijenga. Mfalme Humayun alifariki Januari 1556 kwa kuanguka ngazini. Yasimuliwa kwamba alikuwa akishuka kutoka maktabani kwake, akasikia adhana, akataka kupiga magoti kwa heshima, vazi likamnasa mguu. Mkewe, Bega Begum, ndiye aliyesimamia ujenzi wa kaburi hilo, likamalizika karibu na mwaka 1570. Alikwenda hija, naye akajulikana kwa jina la Haji Begum. Jengo ni la mawe mekundu na marumaru nyeupe, limesimama katikati ya bustani iliyogawanywa kwa mifereji ya maji. Taj Mahal, iliyokuja miaka zaidi ya sitini baadaye, imefuata mfano wake. Ni humo pia Bahadur Shah Zafar, wa mwisho katika wafalme wa Kimughal, alimokamatwa na Waingereza mwaka 1857 kabla ya kupelekwa uhamishoni Rangoon.

Ng'ambo ya barabara kuna mtaa wa Nizamuddin, penye kaburi la Sheikh Nizamuddin Auliya, aliyefariki 1325. Mwenye kuzuru na azuru kwa adabu tuliyofundishwa: atoe salamu, amwombee marehemu, amwombe Mwenyezi Mungu peke yake, asisujudu wala asilizunguke kaburi. Wanawake hawaruhusiwi kuingia chumba chenyewe cha kaburi. Husimama nje kwenye ukumbi. Njiani watu watamshika mkono wakimtaka aache viatu kwao, anunue maua na shuka la kufunika kaburi, aandike jina lake kwenye daftari la sadaka. Hakuna hata moja katika hayo lililo sharti. Akitaka kutoa sadaka ampe masikini aliyeketi nje.

Lakini mwanamke atakayeingia hapo tungependa atafute kaburi jingine, dogo, lililo uani karibu na lile la sheikh. Ni la Jahanara, binti wa Shah Jahan. Alikuwa na umri wa miaka 17 mama yake Mumtaz Mahal alipofariki mwaka 1631. Baadaye, ndugu yake Aurangzeb alipotwaa ufalme na kumfungia baba yao katika ngome ya Agra, Jahanara aliingia kifungoni pamoja na mzee wake, akamhudumia hadi alipokufa mwaka 1666. Alikuwa miongoni mwa wanawake matajiri wa zama zake. Soko la Chandni Chowk lilipangwa kwa amri yake. Naye amezikwa kaburi lisilo na paa, katikati limeachwa wazi liote majani. Mwenye kuuguza akisimama hapo atakuwa na la kuwaza, nasi hatutamwongezea.

Siku ya pili ni ya mji wa kale, uliojengwa na Shah Jahan. Wachukue treni ya mjini, ambayo behewa lake la kwanza ni la wanawake. Kaka hataruhusiwa kuingia humo, kwa hiyo wakubaliane mapema watashuka kituo gani. Kituo cha Jama Masjid kiko karibu na msikiti wenyewe. Msikiti ulikamilika mwaka 1656, na uwanja wake husali watu 25,000. Wageni wasiokusudia kusali hutolewa nyakati za sala. Mwezi wa Novemba 2022 palibandikwa tangazo la kuwazuia wasichana kuingia bila ya wanaume wao. Likazua kelele, likaondolewa. Soksi wazichukue, maana viatu huvuliwa langoni na mawe ya uwanja adhuhuri huunguza.

Kutoka hapo ni hatua chache hadi vichochoro vya chakula. Karim's, iliyofunguliwa 1913, iko karibu na msikiti, na mapishi ni ya Kiislamu. Nihari ni mchuzi mzito wa nyama uliopikwa usiku kucha, huliwa asubuhi, na jina lake latokana na neno la Kiarabu la mchana. Mtaa huo hausumbui kwa halali. Penginepo, ambapo hawana yakini na nyama, wale vyakula visivyo na nyama, ambavyo India haviwezi kumpungukia mtu. Vyakula vya pakiti huwa na alama ya kitone cha kijani ikiwa havina nyama. Binti atafurahi pia kusikia maneno ya nyumbani katika vinywa vya watu: gari, duka, chapati, achari. Yalivuka bahari kwa pepo zile zile zilizoleta majahazi.

Chandni Chowk lilikuwa na mfereji katikati, mbalamwezi ikiangaza majini, na ndiko lilikopata jina. Mfereji haupo tena, zogo lipo. Mwisho wake wa mashariki ni Ngome Nyekundu, iliyokamilika 1648, hufungwa Jumatatu. Mwisho wa magharibi ni msikiti wa Fatehpuri, wa mwaka 1650, uliojengwa na mmoja wa wake za Shah Jahan. Wageni wengi hugeuka kabla ya kuufikia, na kwa kweli tungemchagulia mtu utulivu wa Fatehpuri kuliko kumbi tupu za ngome.

Na Taj Mahal? Tumelingoja swali hili. Agra iko zaidi ya kilomita 200 kutoka Delhi, na safari yake hula siku nzima. Ijumaa hufungwa kwa watalii. Mwenye siku mbili tu, na mgonjwa anamngoja, twaona aiache. Tena tungependa wanaoisifu kuwa ni jengo la mapenzi wakumbuke kuwa ni kaburi la mama wa miaka 38 aliyefariki akizaa mtoto wake wa kumi na nne.

Ama sala, hapa wengi huchanganyikiwa. Kwa madhehebu yetu ya Shafi, msafiri aliyenuia kukaa mahali siku nne kamili, mbali na siku ya kufika na ya kuondoka, si msafiri tena, husali kamili. Dada huyu na wenziwe, waliojua tangu awali kuwa watakaa Delhi wiki kadhaa, hawapunguzi, na kutoka hospitalini kwenda Qutb Minar si safari. Yule ambaye kila siku ataraji kuruhusiwa kuondoka, naye hajui ni lini, hupunguza hadi siku 18. Akienda Agra, njiani na huko ni msafiri, apunguze na ajumuishe. Hukumu hii ndiyo inayoingia katika suala la maharimu: ndani ya mji aweza kutoka na wanawake waaminifu, lakini Agra ni safari, asiende bila ya kaka yake. Na mumewe, japo yuko kitandani, aombwe ruhusa. Huenda likamfurahisha kuulizwa.

Kibla cha Delhi ni magharibi, si kaskazini kama kwetu. Misikiti mingi huko ni ya Kihanafi: alasiri yao huchelewa yetu kwa kiasi cha saa moja, alfajiri hawana kunuti, na amina huisema kimya. Kusali nyuma yao ni sahihi. Tabu ni kwamba misikiti mingi ya mitaani haina mahali pa wanawake, kwa hiyo akina mama wachukue msala mwepesi na chupa ya maji ya udhu, na wapange siku yao kwa kuzingatia adhuhuri itawakuta wapi. Bustani ya Humayun ina vivuli vingi.

Kwa wale ambao bado wako nyumbani wakipanga: viza hupatikana kabla ya kuondoka, na chanjo ya homa ya manjano ichomwe si chini ya siku kumi kabla ya kufika India, kwani atokaye Kenya bila ya kadi hiyo huweza kuwekwa karantini. Aprili hadi Juni joto hupita nyuzi 40. Novemba hadi Januari moshi na ukungu huwasumbua wenye pumu. Februari na Machi ndiyo miezi mizuri. Ada ya mgeni katika majengo makubwa ya serikali ilipandishwa mwaka 2018 hadi rupia 600, mara nyingi zaidi ya alipalo mwenyeji, lakini mtoto chini ya miaka 15 haingii hesabuni. Paspoti ya binti isisahauliwe hotelini.

Wabillahi tawfiq.